Mutsunga wa Nyuma ya Jiko

Nyuma ya nyumba yetu hapa Barani, pembeni mwa Malindi, baina ya kisima na ukuta wa jirani, kuna kipande cha ardhi ambacho wageni hudhani nimekitelekeza. Jirani mmoja alinionea huruma, akaja na panga lake asubuhi na mapema kujitolea kunifyekea. Nilimzuia mlangoni kama askari. Pale pana mchicha wa mwitu, pana mnavu, pana talakushe inayotambaa na vijiua vyake vyeupe, na zaidi ya yote pana mutsunga, ambao watu wa mjini huuita mchunga. Ni majani marefu membamba yenye meno ubavuni. Ukiyakata yanatoa utomvu mweupe, na ukiyatafuna mabichi utatema mate mpaka adhuhuri. Sikupanda hata mche mmoja. Kazi yangu pale ni kulizuia jembe tu.

Mimi ni mpishi. Nimepika katika hoteli za Malindi kwa zaidi ya miaka ishirini, nyingi kati yake chini ya wapishi wakuu wa Kiitaliano, na najua kuandaa kamba kwa divai, kusukuma unga wa mayai mpaka uone kiganja chako upande wa pili, na kumtoa samaki miiba yote bila kumwondolea umbo lake. Nasema haya si kwa kujisifu, ingawa kujisifu nako sikuchukii. Nasema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekwenda kwao Matsangoni mwaka ule na visu vyake amevifunga kwenye kitambaa, akiamini kwamba mkono wake utamponya mama yake.

Mama yangu hakupata kulitamka neno hilo, mpishi. Kwetu, kwa Wagiriama wa umri wake, jiko ni la mwanamke, na mwanamume akionekana anakuna nazi huulizwa kama mkewe amemkimbia. Watu wakimuuliza mwanawe anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko hotelini," kisha akayageuzia mazungumzo kwenye mvua. Wengi pale kijijini waliamini mimi ni mlinzi wa geti. Alinisomesha kwa jembe lake baada ya baba kufa, na pesa nilizomletea alizipokea kwa mikono miwili, lakini jina la kazi iliyozileta hakulitaja. Sikumlaumu hata siku moja. Iliniuma, lakini nilizoea.

Hoteli zetu nyingi hufungwa masika yanapoingia, wageni wakisharudi kwao, nasi tukatawanyika mpaka msimu mwingine. Mwaka ule tulifungiwa wiki ileile ambayo mama alilazwa kwa homa ya mapafu. Dada zangu wameolewa mbali, na mke wangu alikuwa hawezi kuondoka Barani kwa sababu ya shule za watoto. Kwa hiyo nilikwenda mimi. Mchana nilishinda hospitali, na asubuhi kabla ya kwenda nilijitwika kazi ya kumtengenezea nyumba, ili akirudi akute mahali pa mtu kupumzika.

Nyuma ya jiko lake palinitia aibu. Palikuwa kichaka. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha, na kila kilichokuwa ardhini kilikuwa kimejiinukia chenyewe, kimekumbatiana, kimefika magotini. Nikajiambia kwamba mama alikuwa ameanza kuugua zamani bila kutuambia, ndiyo maana nguvu za kulima zilimwisha. Nikashika jembe. Siku tatu mfululizo nilikata, nikachimbua, nikapindua udongo mpaka wa chini ukaja juu, nikakusanya majani nikayachoma. Kisha nikapanga mawe pembeni na kuyapaka chokaa, kama tulivyozoea kwenye bustani za hoteli. Nilipomaliza nilisimama mikono kiunoni, nikajiona kidume.

Siku ya kumtoa, nesi alimpima uzito, akatikisa kichwa, akaniita pembeni lakini si mbali vya kutosha. Mapafu yamepona, alisema, lakini mama hali chakula. Turudi baada ya wiki mbili. Akipungua zaidi ya hapa watamlaza tena, na kama bado hataki kula, watamlisha kwa mpira wa puani. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, ameshika mkoba wake, anatazama ukutani. Nikampeleka nyumbani.

"Sikia," aliniambia pale uani. "Kule sirudi. Jirani yangu wa kitanda alirudishwa vivyo hivyo, na nilimwona anavyotoka, amefunikwa shuka mpaka kichwani. Nikirudi nami natoka hivyo."

Nikaelewa kwamba nina wiki mbili.

Kabla ya kuingia ndani alinivuta mkono, akataka tupitie nyuma ya jiko. Alikuwa mwepesi, uzito wake wote ulikuwa umeniegemea na sikuhisi kitu. Alipofika pale alisimama, akatazama udongo mweusi uliolala sawasawa, akayatazama mawe yangu meupe.

"Nani amelima hapa?"

"Mimi, mama."

"Umefanya kazi," alisema, na akaomba kwenda kulala. Mimi nikaona nimeshukuriwa.

Nilianza kupika siku ileile. Nilimpikia changu wa kuchemsha kwa ndimu, mchuzi mwepesi usio na pilipili, wa kumtoa baridi kifuani, nikitarajia ataniomba tena. Alikula vijiko viwili. Kesho yake nikapika wali wa nazi na mayai yaliyovurugwa taratibu, laini, kama wanavyoyapenda wageni wazee. Alikula kijiko kimoja. Nilisukuma tambi kwa mkono, nikasaga kuku, nikaponda viazi mpaka vikawa kama losheni. Kila sahani nilimfutia ukingo kwa kitambaa kabla ya kumpelekea, ndiyo mazoea yangu. Kila mara alionja, akatafuna muda mrefu, akameza kwa shida, akaisukuma sahani kwa vidole viwili.

"Karatasi," alisema. "Kila kitu kwangu ni karatasi."

Mimi ni mtu wa hasira za jikoni, zile za kuwaka na kuzimika. Siku ya nane nilibamiza kifuniko cha sufuria.

"Mama, watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kula chakula cha mkono huu."

"Basi wapelekee wao," alisema, akajifunika leso yake mpaka puani.

Nilitoka nje nikakaa kwenye kinu. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira nilikuwa naogopa, maana nilikwisha kuona jinsi mifupa ya mabega yake ilivyoanza kusimama. Nilipokwisha kutulia nilirudi, nikachuchumaa karibu na kitanda, nikamuuliza kwa unyenyekevu ambao nilipaswa kuanza nao. Mama, wataka kula nini?

Aliishusha leso kutoka puani. "Mutsunga," alisema.

"Nitaupata wapi?"

Alinitazama, si kwa ukali. "Ulikuwa hapo nyuma. Mama mkwe wangu ndiye aliyenionyesha mahali pale, nilipoletwa hapa mwari. Tangu siku hiyo sijapeleka jembe."

Sijui kama umewahi kuoneshwa kosa lako na mtu asiyekugombeza. Kichaka nilichokihurumia kilikuwa bustani ya mama yangu. Utoto wangu wote nililishwa kutoka pale, na sikujua kwa sababu kuchuma kulikuwa kazi ya dada zangu na kupika kulikuwa kazi ya mama, na mimi nilikuwa wa kukaa na kuletewa bakuli. Nilijua mutsunga ulioiva. Uliosimama ardhini sikuujua.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikumwambia mama siku hiyo. Miaka ya nyuma, bibi mmoja wa Kiitaliano, mgeni wetu hotelini, aliingia jikoni na konzi ya majani aliyoyachuma kwenye nyasi za bustani. Alisema kwao kuna jani kama hili, na kwamba marehemu mama yake alikuwa akimchemshia. Aliniuliza kama sisi tunalila. Harufu ya ule utomvu niliijua, ilikuwa ikinijia kwenye mikono ya dada zangu. Nikamwambia ni magugu tu, bibi, sisi hatuli haya. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao. Alinunua kitunguu saumu chake mwenyewe kwa muuza mboga akajichemshia, na alikula peke yake pale kwenye kona. Nilipokuwa nimechuchumaa kando ya kitanda cha mama, nilimkumbuka bibi yule nikaona haya.

Nikaenda barabarani, pale akina mama wa Matsangoni wanapopanga mafungu yao. Nilimkuta mmoja mwenye mutsunga.

"Shikamoo, mama. Nipatie fungu moja."

"Marahaba. Wamnunulia nani?"

"Mama. Napika mimi."

Alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili. "Haya," alisema, akaniongeza nusu fungu, nadhani kwa kunihurumia.

Nyumbani nilitumia ujuzi wangu wote. Niliuchemsha nikamwaga maji, nikauchemsha tena nikamwaga tena, kisha nikauzamisha kwenye maji baridi ili ubaki kijani, nikauminya kwa kiganja mpaka ukatoa tone la mwisho. Nikaukatakata laini, nikaukaanga na kitunguu saumu, nikamalizia kwa tui zito. Ulikuwa mzuri wa kupigwa picha. Mama aliketi mwenyewe alipouona, kwa mara ya kwanza bila kuinuliwa. Akatia mdomoni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika mwiko.

Alitafuna. Akaacha kutafuna.

"Uchungu wake umeupeleka wapi?"

"Nimeutoa, mama. Nimeumwaga."

Aliweka kijiko chini polepole. "Mwanangu, mdomo wangu umekufa. Tamu siisikii. Chumvi siisikii. Nilidhani uchungu nitausikia."

Siku hiyo ndiyo niliyolia, na sikwenda kulilia mbali. Ilikuwa siku ya nane. Nilikuwa nimechukua kitu kimoja tu ambacho mama yangu alikitaka hapa duniani, nikakimwaga kwenye mchanga, mara mbili, kwa ustadi mkubwa.

Nilipanga kurudi barabarani alfajiri, lakini usiku mvua ilimwagika na haikutaka kuacha. Siku ya tisa hapakuwa na mtu barabarani. Ya kumi vilevile. Meza tupu, maji yanapita chini yake. Nilizunguka kwa jirani mmoja na wa pili nikiwa nimejifunika gunia, na kote nilikuta wamekwisha kulima wakapanda mahindi, kumesafishwa vizuri kama kwangu. Mama alikunywa uji wa maji, nusu kikombe, kwa ajili yangu tu. Nilimwomba Mungu bila mpango, nikikuna nazi ambayo sikujua naikunia nini.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja mvua ilipumzika. Nilizunguka nyuma ya jiko kutafuta kuni kavu chini ya makuti, nikaona udongo wangu umebadilika rangi.

Niliinama. Vilikuwa vichipukizi, vidogo, vya urefu wa kidole, vyenye meno ubavuni. Havikuwa kimoja wala kumi. Vilijaa kutoka jiwe jeupe la mwanzo hadi la mwisho, vingi zaidi pale nilipochimbua kwa nguvu zaidi. Nilikata kimoja kwa ukucha, utomvu mweupe ukatoka. Nikakitia mdomoni nikakitafuna chote, na uchungu wake ukanipanda mpaka masikioni, na sijapata kufurahi hivyo kwa chakula chochote nilichokionja kwa mshahara.

Nilipomwambia mama, alicheka. Kifua kilimkwama akakohoa, akacheka tena.

"Hukujua? Mutsunga hauuliwi na jembe. Ukiukata mzizi vipande kumi, umepanda kumi. Niletee uteo, na unitoe nje."

Nilimweka kwenye kiti cha kamba kwenye mlango wa nyuma, nikamfunika blanketi, na uteo, ule ungo wake wa kuchambulia, magotini pake. Kisha nikajifunga leso yake kiunoni kama mwanamke mwenye shughuli, nikachuchumaa, nikaanza kuchuma. Mara ya kwanza nilimletea konzi nzima, akaitupa robo tatu.

"Umeng'oa. Usiung'oe. Chuma kwa kucha, ncha tu, majani mawili matatu, uache shina litoe mengine. Na hili ni jani gani?"

"Si mutsunga?"

"Hili hata mbuzi hali."

Nikarudi. Nikaleta, akachambua, akanirudisha. Wanawake wawili walipita njiani na madumu ya maji, wakanitazama na leso yangu, wakaulizana kwa sauti ya kunifikia kama yule si mlinzi wa hotelini, na mkewe yuko wapi. Nilingoja mama aseme kitu, japo la kunitetea. Aliniambia nihamie upande wa kushoto, kule jua limeanza kupiga.

Tukiwa pale alinifundisha mambo ambayo dada zangu walifundishwa wakiwa na miaka saba. Mgeni hupikiwa mutsunga kidogo uliofichwa ndani ya talakushe na mchicha mwingi, ili aonje tu asishtuke. Watu wa nyumbani huchanganyiwa nusu kwa nusu. Lakini aliyetoka kuugua, ambaye mdomo wake umelala, hupikiwa wenyewe mtupu, na maji yake hayamwagwi. Alisema mama mkwe wake alimpikia hivyo alipojifungua mimi, nilipomtoa damu nyingi na siku kadhaa akawa hataki kitu. Sikuwahi kusikia habari hizo. Nina miaka zaidi ya hamsini, na ilibidi nichume mboga ndipo nisimuliwe nilivyozaliwa.

Nilipika yeye akiwa ananiona. Alinikataza kisu, akataka nikate kwa mikono. Alinikataza kitunguu saumu, akasema huo ni uzungu. Maji kidogo, chumvi, mutsunga, kifuniko. Mkono wangu ulipokwenda kwenye sufuria kumwaga maji ya kwanza, kwa mazoea tu, alisema, "Acha," nikaacha. Nikatia tui jepesi, likachemka likageuka kijani, kisha tui zito, nikikoroga upande mmoja lisikatike. Nikasonga sima ndogo. Sikufuta ukingo wa bakuli.

Alimega sima, akachovya, akatia mdomoni. Uso wote ulimkunjamana, macho yakafumba. Nilidhani nimemuua.

"Nausikia," alisema.

Akamega tena. Alikula taratibu, akipumzika, jasho dogo likimtoka juu ya mdomo, mpaka bakuli likawa tupu na akalipangusa kwa kipande cha mwisho cha sima. Kisha akalinyosha kwangu. "Ongeza," alisema, "na huo mchuzi."

Nilimwongeza. Nikatoka nikasimama katikati ya magugu yangu, nikamshukuru Mungu, na mama mkwe wake nisiyemkumbuka sura, na yule mama wa barabarani aliyenipa nusu fungu, na bibi wa Kiitaliano ambaye sikupata kumwomba radhi. Nililishukuru hata jembe. Tangu hapo sijaacha kuwa mtu wa kushukuru, ingawa hasira za jikoni zimebaki palepale. Muulize mke wangu.

Siku zilizobaki tulikula mutsunga asubuhi na jioni. Siku ya tatu yake alisikia chumvi, akanigombeza kwamba nimezidisha. Siku ya mwisho aliniomba samaki.

Tulirudi hospitali wiki mbili zilipotimia. Nilikuwa nimeshika mkoba wake, na mikono yangu ilikuwa ya kijani kwenye kucha, rangi isiyotoka kwa sabuni. Nesi alikuwa yuleyule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mama alipanda kwenye mzani bila kushikwa. Nesi akatazama, akamshusha, akampandisha tena. Hakupungua. Alikuwa ameongezeka kidogo, alisema nesi, kidogo lakini kunatosha. Hakuna haja ya kulazwa.

"Umekula nini nyumbani, mama?"

"Mutsunga."

Nesi akatabasamu. "Hongera. Nani anakupikia? Una binti nyumbani?"

Kulikuwa na watu wengi kwenye benchi lile, na wengine walikuwa wa kwetu Matsangoni, wanaotujua. Mama alijifunga leso yake vizuri, hakuharakisha. Kisha akageuka akaninyoshea mkono, mbele yao wote.

"Ni huyu," alisema. "Mwanangu ni mpishi."